Gobori Lililokatwa Siku ya Ijumaa

Mwanne binti Halfani alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Kwa miaka mingi hilo ndilo jambo pekee ambalo watu wa kijiji chake, kule kwenye milima ya Kondoa, walikuwa nalo la kusema juu yake. Mama yake aliufunga mkono ule kwa kitambaa ili mtoto ajifunze kula kwa kulia, na kula akajifunza. Lakini kila ilipofika kazi yenyewe hasa, kusuka ukili au kukaza mzigo wa kuni, ule wa kushoto ulitangulia wenyewe bila kutumwa.

Baba yake alikuwa mhunzi. Majembe ya kijiji kizima yalitoka kwenye kiwanda chake, kibanda cha udongo chenye mlango mmoja, nyuma ya nyumba. Mwanamke hakuingia mle. Ndivyo walivyokuta na ndivyo walivyoacha: mwanamke akikanyaga majivu ya kiwanda, chuma kinakataa moto, jembe linapasuka, na mvua ikichelewa watu wanajua pa kuulizia. Mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo aliruhusiwa kukaa kizingitini tu, miguu nje. Mwanne alikaa hapo. Halfani, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimpa tupa kuukuu na kipande cha chuma ili anyamaze asimsumbue. Akanyamaza miaka mitano. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa anasugua chuma kikanyooka kuliko cha kaka yake Mustapha, ambaye ndiye aliyekuwa akifundishwa.

Siku moja baba yake alikitazama kipande alichokisawazisha, akakipitisha kidole, akakirudia. Kisha akaichukua ile tupa mkononi mwa mtoto.

"Basi, mwanangu," alisema. "Sasa umekuwa mkubwa. Nenda kwa mama yako."

Ndiyo sifa pekee aliyopewa. Akaibeba moyoni kama watu wanavyobeba deni la damu.

Akaolewa ng'ambo ya korongo na Khamisi, mtoto wa Mzee Bashiri. Halfani akafa, kiwanda kikawa cha Mustapha. Na ule mwaka Waingereza walipoleta matrekta Kongwa kulima karanga, Khamisi akaenda huko na vijana wengine, akawa anarudi mara moja kwa mwaka. Nyumbani akabaki Mwanne, watoto watatu, na baba mkwe wake.

Mzee Bashiri alikuwa na gobori. Alikuwa na kibali chake pia, karatasi ya boma yenye muhuri, aliyoitia ndani ya kibuyu kikavu ili mchwa wasiile. Siku alipopewa, jumbe aliwasomea watu wote barazani: jina la mwenye gobori, namba ya gobori, na urefu wa mtutu wake kwa inchi. Namba hiyo karani aliigonga juu ya chuma chenyewe, mbele kabisa karibu na mdomo, kwa sababu nyuma kote mtutu ulikuwa umeviringwa ngozi ya ng'ombe iliyokaukia pale kuushika na mti wake. Gobori hilo lilikuwa refu kuliko mwenyewe. Ujanani hilo halikumsumbua. Sasa bega lilikuwa bovu, na kwenye dungu alilojengewa katikati ya mtama, kila alipotaka kugeuka mdomo wa bunduki uligonga nguzo, nguruwe wakasikia, wakahamia upande wa pili kula kwa raha zao.

"Wananijua," alikuwa akisema asubuhi, akinywa uji. "Wallahi nguruwe wale wananijua. Wakisikia ko! wanaambiana, mzee anageuka."

Watoto walicheka. Mwanne hakucheka, kwa sababu mtama ule ndio uliokuwa chakula chao.

Basi mzee akaenda kwa Mustapha, na Mwanne akamfuata nyuma kumbebea gobori. Alipofika mlangoni pa kiwanda alilikabidhi, akasimama nje kama inavyompasa.

"Mustapha," mzee alisema, "nipunguzie chuma hiki. Shubiri moja na nusu tu."

"Mzee wangu, ungeniambia nikunyoe ndevu ningekunyoa. Hili, hapana."

"Kwani chuma ni cha nani?"

"Chuma ni chako. Urefu ni wa serikali." Mustapha aliweka nyundo chini. "Hukumsikia jumbe? Bunduki ndefu ni ya shambani, kila mtu anaiona ikipita. Fupi inaingia chini ya kanzu. Ukikutwa nayo huulizwi ulitaka kuua nguruwe au mtu. Wewe unafungwa, na fundi anafungwa mbele yako."

"Mimi hata kanzu yenyewe ninayo moja."

"Na hata wangeniruhusu," Mustapha aliendelea, "nisingependa. Mtutu ukiwa mfupi, baruti inatoka nje haijamaliza kuungua. Moto utauona usoni, vipande vya risasi vitatawanyika ovyo, na hilo bega lako ndilo litakalosimulia. Kakae na refu lako, mzee."

Mzee Bashiri alilichukua gobori lake. Akasema kwa sauti ya kutaka kusikiwa, "Baba yako angekata."

Mustapha aliokota nyundo yake. Aliyechomwa na neno lile alikuwa mwingine, aliyesimama nje.

Walipofika korongoni Mwanne alisema, "Baba, nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Nikate."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Wewe? Kwa kisu cha mboga?"

Lakini wiki ile nguruwe walimaliza upande mzima wa bondeni. Mzee alishuka kwenye dungu, akayatazama mabua yaliyolala, akaja jikoni na kukaa juu ya kinu kilicholazwa. Hakucheka tena.

"Mwanangu," alisema, "siku ile ulisemaje?"

Ijumaa adhuhuri kijiji kile kilikuwa hakina mwanamume. Wote walikuwa msikitini, na Mustapha mstari wa mbele. Mwanne alilifunga gobori ndani ya mkeka, akalibeba kichwani kama mtu anayepeleka mkeka kwa wifi yake, akazunguka nyuma ya nyumba ya Mustapha, akasukuma mlango wa kiwanda.

Alivua ndara. Hakujua kwa nini alivua, labda kwa adabu. Majivu yalikuwa bado yana joto la asubuhi, yakapenya katikati ya vidole, na mwili wote ukamsisimka kama mtu aliyeingia kwenye maji. Tupa ya baba yake ilikuwa pale pale, imechomekwa ukutani. Akaishika kwa mkono wa kushoto. Mungu amsamehe, hakuogopa. Hofu ilikaa nje pale kizingitini alipokuwa akikaa yeye zamani, ikamngoja atoke.

Ijumaa ile alifika nusu. Alikuwa amezama kazini hata hakusikia sala imekwisha. Aliposikia watu wanacheka njiani alishtuka, tupa ikateleza, ikachora mtutu mkwaruzo mrefu uliopinda kama ukucha wa paka. Jambo hilo lilimuudhi kuliko hatari yenyewe. Ijumaa ya pili alimaliza. Akausawazisha mdomo mpya hadi kidole kikipita hakigoti kitu, na ule mkwaruzo akauviringia ngozi mbichi ya mbuzi, akaiacha ikauke hapo. Hakuna macho yaliyouona.

Sasa kikabaki kile kipande. Kilikuwa na alama zimechimbwa, kama nyayo za kuku. Mwanne hakujua kusoma. Alidhani ni urembo wa waliolifua gobori huko Ulaya. Mtu mwingine angekitupa chooni mambo yakaisha. Lakini mtoto wa mhunzi hatupi chuma, kama mkulima asivyotupa mbegu, na kile kilikuwa chuma kizuri, tena bomba lililonyooka. Tena alikuwa akijua kwamba mdomo wa mvukuto wa kaka yake, ule wa udongo, unapasuka kila mwezi, na kila ukipasuka kazi inalala. Akampelekea kama zawadi.

"Umekitoa wapi?" Mustapha aliuliza.

"Kwa Lalji, dukani Kondoa. Kwenye chuma chakavu."

Mustapha alikigeuza, akamtazama dada yake, akakigeuza tena. Hakuuliza la pili. Jioni hiyo alikichomeka kwenye mvukuto, akakizungushia udongo, na moto ukavuma vizuri kuliko wakati wowote tangu Halfani afariki.

Na gobori? Usiku wa kwanza nguruwe walipoingia, mzee aligeuka bila kugonga nguzo, akalenga, akafyatua. Watu wa ng'ambo waliamka wakidhani radi. Moto ulitoka mdomoni ukamchoma ndevu upande mmoja, gobori likamgonga bega na kumtupa chali ndani ya dungu, na vipande vikatawanyika juu ya mtama kama mtu anayewatupia kuku nafaka. Nguruwe wakaondoka taratibu. Baada ya siku mbili wakarudi. Gobori lile fupi halikuua hata nguruwe mmoja.

"Lilipiga kelele lakini," alisema mzee, akijipaka samli kidevuni.

Mwaka haukugeuka, likaja agizo kwamba kila mwenye bunduki ailete barazani ikaguliwe. Akaja karani kutoka Dodoma, jina lake Methusela, Mgogo wa misheni, kaptula imepigwa pasi na mkanda wa kupimia shingoni, pamoja na askari wawili. Mzee Bashiri alitaka kusema gobori limepotea, lakini jumbe alikuwa ameliona juzi. Akaenda nalo. Kina mama walisimama pembeni na vikapu vyao, Mwanne akiwa mmoja wao.

Methusela alipima. Akasoma karatasi. Akapima tena.

"Mzee, gobori lako limekonda."

"Lilipasuka mdomoni, bwana. Baruti mbaya."

Karani alipitisha kidole pale mdomoni, akazunguka mara moja, polepole. Akatabasamu.

"Limepasuka? Mzee wangu, hili limepasuka kwa adabu sana." Akamwonyesha askari. "Tazama hapa. Hata Dodoma sijaona mkato kama huu. Huyu fundi ana mkono."

Na hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo Mwanne hakumwambia mtu kwa miaka. Baba mkwe wake amesimama mbele ya askari, na yeye binti Halfani, pale pembeni na kikapu chake, moyo ukamjaa furaha. Alifurahi. Baba yake alikuwa amepitisha kidole namna ile ile. Kwa muda wa pumzi mbili hivi alitamani karani aseme tena.

Methusela hakusema tena. Aliuliza, "Mhunzi wa hapa nani?"

Walikwenda wote kiwandani, askari mbele, kijiji nyuma. Mustapha alikuwa anavukuta. Hawakuhitaji kutafuta sana. Askari mmoja aliugonga udongo wa mvukuto kwa kitako cha bunduki, ukabanduka, chuma kikaonekana. Methusela aliinama, akafuta majivu kwa leso yake, akasoma kwa sauti: mia nne kumi na saba. Akafungua karatasi ya Mzee Bashiri. Mia nne kumi na saba.

Mustapha aliinua macho. Aliwapita askari, akampita Mzee Bashiri, akamkuta dada yake kati ya wanawake. Mwanne alifungua kinywa. Kabla sauti haijatoka, kaka yake alisema neno kwa Kirangi, haraka, kama anayekohoa, ili karani asilielewe.

"Nyamaza. Kiwanda cha baba."

Kila Mrangi aliyekuwa pale alilisikia, na kila mmoja alidhani anamwambia mzee. Mwanne peke yake ndiye aliyejua. Ikijulikana mwanamke aliingia mle akakata chuma siku ya Ijumaa, nani tena ataleta jembe lake? Akakifunga kinywa.

"Ni mimi," Mustapha alimwambia karani. "Twende."

Kesi za bunduki hazikuamuliwa na liwali. Alipelekwa Dodoma kwa hakimu mzungu, akapewa miezi sita ya kuvunja mawe. Mzee Bashiri, kwa uzee wake, walimchania kibali na kumnyang'anya gobori, wakamrudisha nyumbani. Tangu hapo alikuwa akilala mchana na hakuzungumza na mtu juu ya nguruwe.

Mwanne alijiambia kwamba anatii. Kaka mkubwa amesema nyamaza, nami nimenyamaza. Je, nimvunjie neno? Alijiambia hivyo akitwanga, akichota maji, hata kwenye sijda. Mwezi wa kwanza maneno hayo yalimtosha. Mwezi wa pili alianza kuyasema kwa sauti. Kufika wa tatu aliyasikia yanalia kama debe tupu, kwa sababu alijua vizuri: kama Mustapha angemwambia sema, angeogopa vile vile, na angetafuta neno lingine la kujifichia.

Mvua ikaja. Majembe yakavunjika na hakuna wa kuyafua. Wenye uwezo wakaenda kununua ya dukani, wengine wakalima na vipande. Kuluthumu, mke wa Mustapha, alikuwa na watoto wanne. Kila Ijumaa Mwanne alimpelekea kikapu cha unga.

"Wifi, Mungu akulipe," Kuluthumu alikuwa akisema. "Ndugu zangu mwenyewe wamenisahau. Wewe tu."

"Ah, wifi, unga ni kitu gani."

"Laiti ningemjua aliyemponza mume wangu. Maana Mustapha hakukata lile gobori. Mimi namjua. Alikataa, nami niko uani nasikia. Yuko mtu hapa hapa kijijini, anakula, analala."

Mwanne alikung'uta kikapu chake akaenda.

Mwezi wa tano mtu mmoja aliyefunguliwa alipita kijijini akaleta salamu. Mustapha hajambo, alisema, ila jiwe lilimwangukia mkono. Upi? Wa kulia. Vidole vitatu havikunjuki tena.

Mwanne alisikia habari hiyo akiwa ndani kwa Kuluthumu, kikapu kikiwa katikati yao. Kuluthumu alikuwa analia kimya kimya, kanga mdomoni.

"Wifi," Mwanne alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekata. Niliingia kiwandani Ijumaa mbili. Na kile chuma cha mvukuto nilikileta mimi, nikamwambia nimekitoa kwa Lalji."

Kuluthumu aliitoa kanga mdomoni. Hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua chungu alichokwisha kumiminia ule unga, akaurudisha kikapuni hadi chembe ya mwisho, akagonga kitako cha chungu kwa kiganja.

"Chukua unga wako," alisema.

Kesho yake asubuhi Mwanne alipanda lori la Lalji juu ya magunia ya ulezi. Hakuwa amewahi kufika Dodoma. Mji aliuona wa vumbi na bati, na upepo unaomvua mtu kanga. Aliulizia kwa karani Methusela, akamkuta nje ya mahakama anakula kashata.

"Shikamoo," alisema, ingawa huenda walikuwa sawa kwa miaka, kwa sababu alikuja kuomba.

"Marahaba, mama. Kesi yako ipi?"

"Mia nne kumi na saba." Namba hiyo aliishika siku ile ilipotajwa, haikumtoka tena.

Alipomaliza kueleza, Methusela alijipangusa mdomo. "Mama, nenda nyumbani. Kila wiki anakuja mama hapa kusema mwanangu hakuiba, nimeiba mimi. Sasa wewe unataka niamini mwanamke wa Kirangi ameingia kiwanda cha mhunzi? Mimi Mgogo, lakini si mjinga."

"Gobori liko wapi?"

"Stoo."

"Chini ya ngozi ya mbuzi, karibu na mdomo, kuna mkwaruzo. Umepinda hivi. Tupa ilinitoka."

"Kaka yako amekuambia."

"Kaka yangu hajawahi kuuona. Mkamuulize."

Karani aliacha kutafuna. Aliingia ndani, akakaa sana. Alipotoka alimwita mpaka mbele ya hakimu, mzungu mrefu mwenye mafua, na gobori lilikuwa juu ya meza. Askari aliikata ngozi kwa kisu, ikabanduka. Mkwaruzo ulikuwa pale, kama ukucha wa paka.

Hakimu alisema kitu, Methusela akatafsiri. "Anasema hilo linaonyesha unajua. Halionyeshi ulikata."

"Mwambie aniletee tupa na chuma chochote."

Waliokuwa kwenye mabenchi walianza kucheka. Ikaletwa tupa ya fundi baiskeli wa jirani na kipande cha nondo. Mwanne aliketi sakafuni mbele ya watu wote, akavua ndara, akakibana chuma kwa unyayo, akaishika tupa kwa mkono wa kushoto. Kicheko kilikwisha kabla hajafika mbali. Alipomaliza, Methusela aliinama akachukua kile kipande, akapitisha kidole, akazunguka. Safari hii hakutabasamu.

"Bwana anauliza," alisema polepole, "kwa nini?"

"Baba mkwe wangu hawezi kugeuka kwenye dungu. Linagonga nguzo."

Hakimu alisikiliza tafsiri, akapenga kamasi, akajibu maneno machache. Methusela alisita kabla ya kuyatoa.

"Anasema, mngeomba."

"Tungeomba nini?"

"Ruhusa, mama. Iko karatasi yake. Mnaandika bomani, mnaeleza sababu, wakikubali anakata fundi waliyemkubali, urefu mpya unaandikwa kwenye kibali na namba inagongwa upya. Labda wangekataa. Labda wangempa mzee kibali cha bunduki nyepesi. Lakini mngeomba."

Mwanne alikaa pale pale sakafuni, vumbi la chuma magotini. Alikuwa amejiandaa kwa pingu. Neno lile hakujiandaa nalo.

"Nifungeni basi," alisema. "Mtoeni yeye, nifungeni mimi."

Lakini hukumu iliyokwisha andikwa haifutwi kwa mdomo. Hakimu alisema ataandika barua Dar es Salaam kwa wakubwa wa sheria, na yeye arudi nyumbani akangoje kuitwa. Mustapha alimaliza miezi yake sita barua haijajibiwa. Maneno yote yale ya Mwanne hayakumpunguzia kaka yake hata siku moja.

Na Mwanne hakuitwa. Alingoja. Kila tarishi alipoonekana akipanda mlima na begi lake, alinawa miguu, akafunga nguo zake kwenye kanga, akakaa mlangoni. Tarishi akapita. Angepewa miezi sita angeimaliza. Lakini hakupewa kitu, na kungoja kule hakukuwa na mwisho. Khamisi aliporudi kutoka Kongwa akamkuta na furushi lile mlangoni, alidhani anataka kumwacha.

Mustapha alirudi na mkono wa kulia umejikunja kama ukucha wa kuku. Kijiji kilikuwa kimekwisha kujua kila kitu, Kuluthumu hakuficha. Kwa siku saba hakuna aliyeleta jembe. Siku ya nane Mwanne alivuka korongo asubuhi, watu wakimwona, akaenda moja kwa moja hadi kizingitini pa kiwanda. Mustapha alikuwa ndani, anauzoesha mkono wa kushoto nyundo. Ilikuwa inamdondoka.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja kufua."

"Watu hawataleta."

"Wakilima kwa kucha wataleta."

Mustapha aliitazama nyundo iliyolala chini. Akajisogeza pembeni kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita. Mwanne akavua ndara, akaingia.

Aliyeleta jembe la kwanza alikuwa Mzee Bashiri, lililopasuka katikati. Alisimama mlangoni pale pale alipokuwa amesimama zamani.

"Nipunguzieni," alisema, "lakini hili lisiwe na namba." Wakacheka watatu, kicheko kifupi kilichowaumiza. Wengine walileta baada ya mvua za mwaka wa pili, kwanza kwa kificho, halafu waziwazi. Kuluthumu alipita mlangoni kila siku kwenda kisimani na hakuingiza uso. Miaka minne. Mwaka wa tano aliweka kibuyu cha maji kizingitini, akaenda zake bila neno. Mwanne alikunywa maji yale hadi tone la mwisho.

Siku moja, wamezeeka kidogo, mvukuto ukiwa na mdomo wake wa udongo kama zamani, Mwanne alisema akiwa amemgeuzia kaka yake mgongo.

"Siku ile karani aliposifu mkato, nilifurahi."

Mustapha aliendelea kuvukuta.

"Wewe unachukuliwa na mimi nilikuwa nimetoka kufurahi, kaka."

"Najua," alisema Mustapha. "Uliponiletea kile kipande nilikigusa ncha yake, nikajua si cha Lalji. Mkato ule nilikuwa nikipigwa makofi na baba kwa kushindwa kuukata. Ningekirudisha. Ningekitupa korongoni. Nikakichomeka kwenye mvukuto kwa sababu nilitaka kukaa nacho kila siku." Akaacha kuvukuta. "Shika koleo, chuma kinapoa."

Akashika koleo.

Kiwanda kile kilifanya kazi siku sita. Ijumaa mlango ulifungwa tangu alfajiri, hata msimu wa kulima, hata mtu akisimama nje na jembe lililovunjika akisihi. Wanaume walidhani ni kwa ajili ya sala. Mjukuu mmoja wa kike, mdadisi, ndiye aliyemuuliza: mbona bibi huingii Ijumaa, nawe mwanamke huendi msikitini?

Mwanne alikuwa anachambua mchicha, kwa kushoto.

"Ijumaa," alisema, "ndiyo siku niliyomfunga kaka yangu."